Nani Atakaa Ndani ya Boma?

BABU: Nasikia vijana wa Newala mmeanzisha kamati ya boma.

MJUKUU: Ndiyo. Tunataka boma la Mjerumani likarabatiwe, watalii waje kutazama bonde la Ruvuma.

BABU: Na siku watalii wasipokuja, nani atakuwa ndani? Nenda Mikindani ukaone. Boma la kule lilijengwa 1895, likachakaa hasa, mpaka shirika la Trade Aid la Uingereza lilipolikarabati likawa hoteli. Vijana wa palepale wakafundishwa kazi za hoteli. Jengo linalolipa mishahara halikosi wa kuziba paa likivuja.

MJUKUU: Wao wana bahari, babu.

BABU: Nanyi mna korosho na wachongaji. Boma si lazima liwe hoteli. Liwe karakana ya vinyago, maktaba, hata ofisi ya ushirika.

MJUKUU: Angalau sheria inalilinda.

BABU: Nani kakwambia? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Hata Misheni ya Masasi ilianzishwa 1876, Askofu Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Imechelewa miaka 13! Tena ikachomwa 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, ikabidi ijengwe upya. Maboma ya Mjerumani ndiyo kabisa. Majengo ya namna hii hulindwa waziri akishayatangaza. Mimi naona waliotunga sheria ile walikuwa wakiyatazama magofu ya kale ya Kilwa. Sisi wa huku juu hatukuwamo.

MJUKUU: Basi tuanze kwa kupiga plasta, lipendeze.

BABU: Ya saruji? Thubutu! Mimi nimekuwa mwashi maisha yangu yote. Ukuta wa mawe na chokaa ukiupaka saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Misimu miwili ya mvua, plasta inavimba, inabanduka na vipande vya ukuta. Kwangua kwa ukucha kwanza: chokaa ya zamani itaacha unga mweupe kidoleni. Ukiuona, tafuta fundi anayejua kuchanganya chokaa.

MJUKUU: Kwa hiyo tuanzie wapi?

BABU: Andikeni barua halmashauri, nakala kwa afisa utamaduni, muombe boma litangazwe. Ambatanisheni picha za nyufa zote, na jina la kikundi kitakachokaa ndani na kulipa kodi. Kama jina hilo bado hamna, barua isiende.