Kelele za Afisini

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Pwani aliye karani mjini Kisii, atwambia kuwa wenziwe afisini huzungumza kwa simu kana kwamba wamwita mtu aliyeko Nyamira bila ya simu. Auliza: astahamili, au ashitaki?

Lililotusikitisha zaidi ni kukiri kwake kwamba naye huifungulia Kurani kwa simu ili azifunike kelele zao. Abu Daud amepokea kwa Abu Said al-Khudri kuwa Mtume (S.A.W.), akiwa katika itikafu, alisikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, akafunua pazia, akawakataza kuudhiana na kupandishiana sauti katika kusoma. Hayo ni msikitini, baina ya Waislamu! Seuze afisini, mbele ya Wakristo ambao labda hawaisikii Kurani ila kwetu?

Basi aizime kwanza. Kisha amwendee mwenye kelele faraghani, amwombe kwa upole, wala asimsute mbele ya watu. Akishikilia, na amwambie mkubwa wao. Hiyo si ghiba: Imamu Nawawi amelitaja shitaka la aliyedhulumiwa kuwa la kwanza katika mambo sita yaliyoruhusiwa.