Bolti Iliyopotea: Fizikia ya Kurudisha Pampu ya Usukani

Fundi wa magari wa Karatu hukabiliwa mara kwa mara na tatizo ambalo kitabu cha mtengenezaji hakikuliwazia. Pampu ya usukani imefunguliwa ili injini ipate kutengenezwa; wakati wa kuirudisha, bolti moja haionekani, au bushi imepotea, au kile kipande cha chuma kishikacho pampu kimevunjika. Gari linangojewa. Kesho alfajiri linatakiwa lango la Lodoare, na baada ya hapo literemke kwa njia ya Seneto, kiasi cha meta 600 hivi, hadi sakafu ya kreta ya Ngorongoro. Fundi hupekua kopo lake la bolti akapata moja inayoelekea kufanana na ile iliyopotea. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kanuni zile zile zinazofundishwa katika shule za sekondari, kwa nini bolti hiyo yaweza kushika siku tatu na kuachia siku ya nne.

Kwanza tuitazame pampu yenyewe. Francis Davis, mhandisi wa Marekani, aliunda usukani wa kusaidiwa na oili katika miaka ya 1920, lakini magari ya abiria hayakuuzwa na chombo hicho hadi mwaka 1951, Chrysler ilipokitia katika gari lake la Imperial. Kanuni yake ni ya Pascal: kanieneo linalotiwa katika kioevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. (Mafundi husema “presha”, na mwanafunzi asione haya kulitumia neno hilo awapo gereji.) Pampu huzungushwa na injini kwa mkanda, nayo husukuma oili hadi kwenye pistoni iliyounganishwa na fito za magurudumu ya mbele. Dereva akizungusha usukani gari likiwa limesimama, kanieneo laweza kufika megapaskali 8. Tukichukua pistoni yenye eneo la sentimita za mraba 30, yaani meta za mraba 0.003, nguvu ipatikanayo ni

F = 8,000,000 × 0.003 = nyutoni 24,000,

ambayo yakaribia uzito wa tani mbili na nusu. Ndiyo sababu dereva huweza kugeuza gari zito kwa mkono mmoja.

Lakini nguvu hiyo haipatikani bure. Pampu inayotoa sentimita za ujazo 10 kwa kila mzunguko, ikifanya kazi kwa kanieneo hilo, huhitaji momenti ya kiasi cha nyutoni-meta 13. Ikiwa nusu kipenyo cha puli ni sentimita 6.5, tofauti ya mvutano baina ya upande uliokaza na upande uliolegea wa mkanda ni nyutoni 200. Mkanda wenyewe, kwa kuwa ulikwisha kukazwa kabla, huvuta kwa pande zake zote mbili. Kwa makadirio, jumla ya mvuto huo juu ya puli ni nyutoni 600. Nguvu hii yote huvuta pampu kwa ubavu, mfululizo, muda wote injini izungukapo, na kinachoipinga ni bolti mbili au tatu tu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanafunzi wengi, wakiulizwa bolti hufanya kazi gani, hujibu kwamba ni kama msumari au pini: imepita tunduni na kuzuia kitu kisisogee. Jibu hilo si sahihi. Bolti iliyokazwa vizuri ni springi. Tunapoikaza tunaivuta ikarefuka, nayo katika kutaka kurudi urefu wake huvibana vipande viwili pamoja. Kinachozuia pampu isiteleze ni msuguano baina ya nyuso zilizobanwa. Shina la bolti halikuguswa kwa ubavu hata kidogo, na siku litakapoanza kuguswa, mambo yamekwisha kuharibika.

Tuchukue bolti ya milimita 10 ambayo kichwani imepigwa alama 8.8. Tarakimu ya kwanza ina maana kwamba chuma chake hukatika kwa mkazo wa megapaskali 800. Ya pili, kwamba huanza kurefuka bila kurudi ifikapo sehemu 0.8 ya mkazo huo, yaani megapaskali 640. Bolti hiyo ikikazwa kwa momenti ya nyutoni-meta 52 hivi, hubana kwa nguvu ya kama nyutoni 26,000. Kwa spana ya urefu wa sentimita 25 ni sawa na kuning’iniza mzigo wa kilo 21 mwishoni mwa spana. Kigawo cha msuguano wa chuma kwa chuma tukikichukua kuwa 0.15, bolti moja huweza kuzuia nyutoni 3,900, mara sita na zaidi ya mvuto wa mkanda. Akiba hiyo ni kubwa, na ni ya lazima.

Sasa tuweke mahali pake bolti ya koponi, isiyo na alama yoyote, ambayo mara nyingi huwa ni ya daraja la 4.6. Hiyo huanza kurefuka bila kurudi kwa nguvu ya nyutoni 14,000 hivi. Fundi akiikaza kwa mkono ule ule aliouzoea, anaivuta kupita kiasi. Haitabana tena kama springi, wala yeye hataona lolote kwa macho. Akiogopa akaikaza kidogo, kubana kwake ni kudogo. Ikiwa inabana kwa nyutoni 2,000 tu, msuguano wake ni 300, na mkanda unavuta kwa 600. Tuseme basi kwamba imekwisha shindwa kabla gari halijatoka uani.

Kurefuka huko ni kudogo mno. Bolti yetu ya 8.8, sehemu iliyobana ikiwa na urefu wa milimita 60, hurefuka milimita 0.13 peke yake. Kwa hiyo rangi iliyoachwa chini ya kichwa cha bolti, kutu, au washa tatu nne za bati laini zilizopangwa ili kujaza nafasi, vyote ni hatari. Kila uso huo hujikandamiza kidogo baada ya siku chache, na zikipungua sehemu 3 tu za mia za milimita, robo ya nguvu ya kubana imepotea. Bolti fupi ya milimita 20 hurefuka milimita 0.04 tu, na kupungua huko kungeimaliza kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana watengenezaji hupenda bolti ndefu iliyopita ndani ya bushi. Bushi si pambo. Ikikosekana, fundi hukaza bolti akiyavuta masikio ya pampu yajipinde kufunika nafasi iliyo wazi, nayo masikio hayo ni ya aluminiamu au chuma cha kusubu, ambacho hakipendi kupinda. Huvunjika, na hapo kilichotakiwa kuchongwa kwa bei ndogo kinageuka kuwa pampu nzima. Bomba la chuma lenye ukuta mnene, likikatwa kwa urefu sahihi na ncha zake kupigwa tupa mpaka zikae sawasawa, hufaa kabisa. Waya haufai kwa namna yoyote, kwa kuwa huweza kuzuia pampu isianguke, lakini hauwezi kubana.

Kuna jambo la hesi pia, yaani meno ya bolti. Magari mengi ya Kijapani hutumia bolti ya milimita 10 ambayo umbali wa jino hadi jino ni milimita 1.25; bolti nyingi za dukani zina 1.5. Huingia mizunguko miwili mitatu, kisha hugoma, na anayeilazimisha hukata meno ya tundu. Bolti za inchi, kama zilizo katika Land Rover za zamani, huleta udanganyifu mwingine: ile ya 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5, hivyo huingia katika tundu la 10 ikicheza. Kipimo chake ni rahisi. Pima kwa rula urefu wa nafasi kumi za meno: milimita 12.5 au 15, hakuna haja ya chombo cha gharama.

Njia ya vumbi iendayo Serengeti hukamilisha uharibifu. Matuta yake madogo madogo huachana kwa kadiri ya sentimita 70. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupata mitikisiko 20 kila sekunde, yaani 72,000 kwa saa moja. Gerhard Junker, mhandisi Mjerumani, alionyesha mwaka 1969 kwamba mtikisiko wa ubavuni, ukitosha kuzitelezesha nyuso, huifungua bolti yenyewe bila mkono wa mtu. Washa ya springi haiponyi ugonjwa huo; dawa ni kubana kwa nguvu ya kutosha.

Pampu ikishafungwa, hewa haina budi kutolewa, kwa sababu hewa hushindilika na oili haishindiliki. Magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki, usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, oili iongezwe, ndipo injini iwashwe. Usukani usishikiliwe mwishoni zaidi ya sekunde chache. Mwanafunzi wa Karatu ana jambo la ziada la kutafakari: oili huingia pampuni kwa kusukumwa na kanieneo la angahewa, ambalo kwenye meta 1,500 ni asilimia 84 tu ya lile la pwani, na kwenye ukingo wa kreta ni kama asilimia 76. Upungufu huo pampu nzima huuvumilia. Klipu iliyolegea upande wa kunyonya haiuvumilii: huvuta hewa ndani badala ya kuvujisha oili nje, na pampu hulia ingawa sakafu ni kavu.

Pampu ikiachia njiani, usukani haukatiki, kwa maana fito bado zimeungana. Huwa mzito ghafla, katika kona ambayo dereva alitegemea wepesi. Katika injini nyingine mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, na oili itokayo katika mpira uliopasuka yaweza kurukia bomba la moshi lenye joto na kuwaka.

Zoezi kwa darasa: Bolti ya milimita 8 yenye alama 8.8 hubana kwa nyutoni 16,000. Momenti ya kukaza ni takriban 0.2 × kipenyo × nguvu ya kubana. (a) Tafuta momenti hiyo. (b) Kwa kigawo cha msuguano 0.15, je, bolti moja yatosha kuuzuia mkanda uliotajwa hapo juu? (c) Oili ikimwagika baina ya nyuso na kigawo kikashuka hadi 0.05, akiba hubaki mara ngapi?