Kabla ya Kodi, Panga Zana

Mwaka wa kwanza nilibakiza kidogo tu niache somo la kompyuta. Nasoma ualimu, na hilo ndilo somo langu la pili la kufundishia. Asaimenti yenyewe ilikuwa ndogo: andika ukurasa mmoja wa wavuti, uupandishe kwenye seva ya darasa kabla ya saa sita usiku. Nikaandika, nikapandisha, kivinjari kikasema ukurasa haupo. Nikarudia na kurudia mpaka bando likakata. Nikalala nikijiambia kompyuta si ya watu kama mimi.

Kumbe kodi yangu (si ile ya TRA!) haikuwa na kosa. Zana ndizo sikuzipanga. Basi wewe wa mwaka wa kwanza, kaa hapa dakika tano.

Kwanza, kihariri. Mimi nilitumia programu ya kuandikia ripoti. Programu hizo huhifadhi maneno pamoja na mapambo yake, na hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka zikawa zimepinda. Wewe huoni tofauti, kivinjari kinaiona. Kodi inataka maandishi matupu. Kama unatumia Windows, pakua Notepad++. VS Code nayo inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Zote ni za bure.

Pili, mkia wa jina. Windows kwa kawaida huuficha. Unaona index.html, kumbe faili linaitwa index.html.txt. Hapo ndipo nilipokwama mimi. Fungua File Explorer, ingia View, weka tiki kwenye File name extensions. Halafu zoea kuandika majina kwa herufi ndogo, bila nafasi. Seva nyingi zinatumia Linux, na kwa Linux Picha.jpg na picha.jpg ni mafaili mawili tofauti.

Tatu, usafirishaji. FileZilla ni ya bure na inatosha kabisa kwa kuanzia. Muombe mwalimu vitu vitano: anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila, namba ya mlango, na folda ya kuweka kazi. Kwenye seva nyingi folda hiyo inaitwa public_html. Kama seva inaruhusu, chagua SFTP, ambayo kwa kawaida hutumia mlango 22. FTP ya kawaida, ya mlango 21, ilianza mwaka 1971 na hupeleka nywila ikiwa wazi. Anayechungulia waifai ya hosteli anaweza kuisoma.

Ukishaunganishwa, kushoto ni kompyuta yako, kulia ni seva. Kupandisha ni kuburuta kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikosea upande, faili la jana linaweza kufunika la leo. Kwa hiyo ikikuuliza kama ibadilishe faili lililopo, usibonyeze tu ndiyo. Soma tarehe za yote mawili kwanza.

Mwisho, jaribu kabla hujaanza kazi yenyewe. Andika neno moja tu, Hujambo, hifadhi kama index.html, pandisha, fungua kwenye kivinjari. Likionekana, njia iko wazi. Kuanzia hapo ukurasa ukigoma, anza kutafuta kosa kwenye kodi. Lisipoonekana, usiguse kodi, rudi kwenye zana.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, nilitumia kipindi kizima kwa hayo tu. Wengine waliona napoteza muda. Katikati ya kipindi binti mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Ticha, yangu haifunguki. Mimi kompyuta siiwezi." Nikainama kuangalia skrini yake. Index.html.txt. Nikamwonyesha, akaufuta mkia kwa mkono wake mwenyewe, akafungua tena.

Hujambo.

Akacheka, akaomba tuendelee.