Daftari Lisilofutika

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi kwa aflatoksini, sumu ya ukungu. Je, mnunuzi wa Marikiti au Kangemi angejuaje mahindi yalitoka shamba gani?

Faida ya blokicheni ni hii: ni daftari ambalo mkulima, msagaji na muuzaji kila mmoja ana nakala yake, na lililoandikwa halifutiki kwa siri. Katika jaribio la Walmart lililotangazwa 2017 huko Marekani, shamba la embe lilijulikana kwa sekunde 2.2, badala ya karibu siku 7.

Lakini tuzingatie: daftari hulinda maandishi, halimsahihishi mwandishi. Mahindi mabovu yakiandikwa kuwa mazima, uwongo nao utahifadhiwa. Basi na yapimwe kwanza, ndipo yaandikwe. Uaminifu hutangulia wino.