Somo: Chumvi ya Damu kwa Mtoto Mgonjwa wa Ini



Tuseme mama mmoja ametoka hospitali. Mtoto wake ana macho ya manjano na tumbo limejaa maji. Daktari amemwambia ini limeharibika kabisa, mtoto anahitaji kupandikizwa lingine, na tena chumvi ya damu imeshuka. Jirani anamwambia, "Si umtilie chumvi kwenye uji!" Anasema kwa upendo, lakini akisikilizwa mtoto ataumia.

Tufanye jaribio. Koroga kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji, uonje. Sasa mimina yote katika ndoo ya maji, uonje tena. Chumvi ni ile ile. Maji ndiyo yamezidi.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto huyu. Ini likijaa makovu, damu haipiti sawasawa, na figo hushikilia maji badala ya kuyatoa kwa mkojo. Sodiamu, yaani hiyo chumvi ya damu, inazimuliwa. Kipimo cha kawaida ni 135 hadi 145. Kikiwa chini ya 130, hatari ni kubwa: madaktari wameona kuwa watoto wa namna hii hufa wengi zaidi wakingojea ini. Huko Marekani, tangu 2016, kipimo hiki huhesabiwa katika kupanga foleni ya ini kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi.

Basi tukumbuke:

1. Tusimwongezee chumvi. Chumvi huvuta maji. Tumbo na miguu vitazidi kuvimba. (Mtoto asiye na ugonjwa wa ini anayeharisha ni habari nyingine. Huyo apewe ORS kama kawaida.)

2. Tusimpunguzie maji wala kubadilisha dawa ya kukojoza bila daktari.

3. Akisinzia ovyo, akichanganyikiwa, akishikwa na degedege au akitapika damu, ni hospitali saa hiyo hiyo.

4. Tuwahi mapema. Mtoto mchanga akiwa bado na macho ya manjano baada ya siku 14, au choo chake ni cheupe kama chokaa, apelekwe hospitali. Huenda mirija ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaulu zaidi kabla ya siku 60.

Maswali ya kikundi

- Ni nani kati yetu ana mtoto mchanga? Choo chake ni cha rangi gani?
- Mama wa mtoto kama huyu akikosa nauli usiku, kikundi chetu kitafanya nini?