Dawa ya Nyanya si Dawa ya Njegere: Kibali cha Kiuatilifu kwa Mazao Madogo

Somo la leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Kijana mmoja wa upande wa Usa River alinijia na chupa ya dawa mkononi. Alikuwa na nusu ekari ya njegere za maganda, zile zinazoliwa na ganda lake, na vithiripi walikuwa wamemvamia. Dukani aliambiwa dawa ile inawamaliza. Nikasoma lebo: nyanya na vitunguu. Njegere haimo. Nikamwambia, "Piga tu, ila fuata siku za kusubiri kama za nyanya." Vithiripi walikufa kweli. Lakini mzigo ulipopimwa na mnunuzi, masalia yalizidi kiwango, ukakataliwa wote.

Akaniuliza, "Bwana shamba, si niupeleke Kilombero?" Nikamwambia hapana. Mtoto anayekula mboga ya soko la Kilombero ana tumbo kama la mtoto wa Ulaya. Tukaufukia. Mkopo wa mbegu ulibaki palepale, na ushauri ulikuwa wangu.

Kwa nini lebo haina zao lako?

Kiuatilifu hakisajiliwi kwa ajili ya "mboga" tu. Kinasajiliwa kwa zao fulani na kisumbufu fulani, kwa kipimo fulani. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za TPRI. Makao makuu yako palepale Ngaramtoni, jirani zetu kabisa.

Anayeomba usajili ni kampuni yenye dawa. Inapeleka taarifa za kemikali yenyewe, sumu yake kwa binadamu na athari zake kwa mazingira, halafu dawa inajaribiwa shambani. Yote hayo ni gharama. Kampuni inajiuliza: nitauza chupa ngapi?

Kumbukeni kantangaze alipoingia Arumeru mwaka 2014. Nyanya inalimwa kila kona ya nchi, kwa hiyo kampuni ilikuwa na sababu ya kuleta dawa. Sasa linganisha na njegere za maganda, maharage machanga, au viungo vya majani kama bizari na rozimeri. Kitaalamu haya tunayaita mazao madogo. Bei yake inaweza kuwa kubwa kuliko ya nyanya, ila eneo lake ni dogo. Hapo ndo tatizo lilipo: mdudu yupo, dawa ipo, kibali cha zao lako hakipo.

Kwa nini usikisie?

Chukua maharage. Maharage makavu yanapigwa dawa, yanakomaa, yanapukuchuliwa, na ganda linatupwa. Maharage machanga yanaliwa na ganda lililopigwa dawa. Tena yakianza kuchumwa, unachuma kila baada ya siku mbili au tatu. Dawa yenye siku 14 za kusubiri utaipiga lini? Ndo maana lebo iliyoandikwa kwa maharage makavu haikusaidii kwa maharage machanga.

Halafu kuna geti la pili. Dawa kukubalika Tanzania haina maana kwamba masalia yake yanakubalika sokoni kwa mnunuzi. Umoja wa Ulaya, pale ambapo haujaweka kiwango maalumu cha dawa kwa zao fulani, unatumia miligramu 0.01 kwa kilo. Piga hesabu: ni sawa na gramu 1 ya dawa ikitawanywa kwenye tani 100 za mazao. Kosa dogo sana la kupulizia linakutoa.

Majirani zetu Kenya walilipata somo hili. Masalia ya dimethoate yalikutwa kwenye maharage na njegere zao za maganda, na kuanzia Januari 2013 Ulaya ikaongeza ukaguzi wa mizigo hiyo. Aliyefuata masharti na asiyefuata wote walisimama foleni moja. Na viwango vinabadilika: chlorpyrifos ilikosa kibali Ulaya mwaka 2020, na mwaka huohuo kiwango cha masalia yake kikashushwa hadi 0.01.

Njia ya kufuata

1. Anza na orodha. Kabla ya kupanda, andika visumbufu vikuu vya zao lako. Kwa kila kimoja, uliza TPHPA dawa zipi zimesajiliwa kwa zao hilo. Usiishie kwa maneno ya muuza duka.

2. Muulize mnunuzi. Mwombe orodha ya viambato amilifu anavyovikubali, kwa maandishi. Dawa yako iwe kwenye orodha zote mbili.

3. Pakikosekana dawa, jikusanyeni. Mkulima mmoja wa nusu ekari hasikilizwi. Kikundi chenye kumbukumbu kinasikilizwa: ekari ngapi, mdudu gani, anaanza wiki ya ngapi, hasara kilo ngapi. TAHA, chama cha sekta ya mbogamboga, matunda na maua, nao wako hapahapa Arusha. Wapelekeeni hoja yenu.

4. Ifuateni kampuni yenye dawa. Chagueni dawa ambayo tayari imesajiliwa nchini kwa mdudu huyohuyo kwenye zao jingine. Ombeni kampuni ipeleke maombi ya kuongeza zao lenu kwenye lebo. Huo ni mzigo mwepesi kuliko kusajili dawa mpya.

5. Toeni shamba la majaribio. Majaribio yanafanywa kwa kibali na chini ya wataalamu, siyo nyie mkijipimia wenyewe. Mazao ya kitalu hicho hayauzwi mpaka wasimamizi waseme.

6. Tumieni takwimu za zao ndugu. Codex, shirika la viwango vya chakula duniani, limepanga mazao kwenye makundi. Takwimu za masalia za zao moja zinaweza kusaidia lingine la kundi hilo, wataalamu wakikubali. Marekani wana mpango wa serikali unaoitwa IR-4, ulioanza mwaka 1963 kwa ajili ya mazao madogo tu. Kwa hiyo shida hii si yetu peke yetu.

Na mdudu je, wakati unasubiri?

Kibali hakiji msimu huuhuu. Kagua shamba mara mbili kwa wiki, weka mitego ya bluu ya kunata kwa vithiripi, ng'oa magugu pembeni, badilisha mazao, na usipande kitalu kipya upande ambao upepo unatoka kitalu cha zamani. Ulizia pia viuatilifu vya kibaiolojia vilivyosajiliwa. Ikishindikana, punguza eneo. Ni afadhali robo ekari inayouzika kuliko nusu ekari ya kufukia.

Yule kijana bado analima. Siku hizi ananiletea lebo kwanza, na mimi nikiona zao halimo, najibu neno moja: subiri.

Kazi ya wiki hii: toa chupa zote stoo. Kwa kila moja andika zao, mdudu na siku za kusubiri zilizo kwenye lebo. Isiyo na zao lako, iweke pembeni. Tuonane shambani.