Lugha katika utalii endelevu wa mjini: mfano wa Lubumbashi

Utangulizi

Utalii wa mjini huhusu majengo, kazi, sanaa na maisha ya watu wa mji. Huitwa endelevu ikiwa hauharibu kinachotembelewa na ikiwa wenyeji wanapata faida. Makala haya yanaonyesha kwamba, kwa Lubumbashi, sharti hilo la pili linategemea sana lugha.

1. Istilahi

Kitenzi «kutalii» kina asili ya Kiarabu. Maana yake ya zamani ni kuchunguza kwa makini. «Maendeleo» na «endelevu» yanatokana na kitenzi kimoja, «kuendelea». Basi mtalii ni mchunguzi. Lakini atachunguza nini ikiwa mwenyeji hasemi?

2. Mji na masimulizi yake

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa sababu ya shaba. Bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia madini na kilima cheusi cha masalio yake ni alama za mji hadi leo. Kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, ambayo sasa ni komini ya Kamalondo, wakoloni waliacha eneo tupu ili kuwatenga watu. Mgeni hawezi kuutambua mgawanyo huo bila kuelezwa.

Maelezo yapo, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha hapa, kwa macho ya watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

3. Nani anafaidika?

Ziara ikiongozwa kwa Kifaransa au Kiingereza tu, mzee wa Kamalondo asiyezijua lugha hizo anabaki kupigwa picha. Akisimulia kwa Kiswahili na kijana akatafsiri, watu wawili wanapata kazi, na kijana anajifunza historia ya mtaa wake. Vivyo hivyo fundi wa malakite: akieleza jinsi jiwe linavyokatwa na kung’arishwa, mnunuzi anaelewa kwa nini bei ni ile.

Hitimisho

Wanafunzi wa lugha za Kiafrika wana kazi tatu hapa: kurekodi masimulizi kwa idhini ya wenyewe, kukusanya msamiati wa shaba na wa mitaa, na kujizoeza ukalimani. Msimuliaji alipwe, na jina lake litajwe akikubali. Tena Kiswahili chake kisigeuzwe kuwa sanifu, kwa maana ndicho kilichobeba historia ya mji.